Mbinu za Usomaji au Lugha ya Usomaji? Uhakiki wa Hojaji ya SORS kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Nchini Tanzania

Makala haya yanahakiki hojaji moja. Hojaji hiyo, inayojulikana kwa kifupi cha SORS, ilitolewa na Mokhtari na Sheorey mwaka 2002 ili kupima namna wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza kama lugha ya pili wanavyozitambua mbinu zao za kusoma matini za kitaaluma. Imetumika katika nchi nyingi tangu hapo. Mtafiti wa Tanzania anayetaka kujua kwa nini mwanafunzi wa chuo kikuu hakielewi kitabu alichokiazima maktaba huikuta ikiwa tayari, yenye vipengele 30, mizani ya ngazi tano na viwango vya kutafsiria wastani. Ni chombo chepesi kutumia, na dakika chache za kipindi zinatosha. Hoja ya makala haya ni kwamba chombo hicho, kinapopelekwa kwa mwanafunzi wa Tanzania, kiwe kwa Kiingereza au kwa tafsiri ya Kiswahili, hakipimi kile kinachodai kupima. Kosa lenyewe haliwezi kuondolewa na mfasiri hodari, kwa kuwa limo katika namna chombo kinavyomwona msomaji.

Istilahi mbili zinahitaji maelezo. Wataalamu wengine husema mkakati wa usomaji na wengine mbinu ya usomaji. Nimechagua mbinu. Kwa msomaji wa Tanzania aliyeishi enzi za MKUKUTA, neno mkakati lina harufu ya mpango wa serikali wenye bajeti na tathmini ya kila mwaka; mtu anayerudi nyuma sentensi mbili kwa sababu amepotea hana mkakati wa aina hiyo. Metakognisia, yaani uwezo wa mtu kutambua na kuongoza kufikiri kwake mwenyewe, imetumika hapa kwa maana iliyoanzishwa na Flavell (1979).

Chimbuko la hojaji

SORS haikutungwa mwanzo kwa ajili ya wasomaji wa lugha ya pili. Imetokana na MARSI, hojaji ya Mokhtari na Reichard (2002) iliyotayarishwa kwa wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 12 nchini Marekani, wazungumzaji wa Kiingereza. Ili imfae mwanafunzi wa lugha ya pili, mambo matatu yalifanyika. Maneno ya baadhi ya vipengele yalirahisishwa. Vipengele viwili viliongezwa, kimoja kuhusu kutafsiri na kingine kuhusu kufikiri kwa lugha mbili. Vingine viwili viliondolewa, kimoja kuhusu kufupisha kilichosomwa na kingine kuhusu kukijadili na wengine. Vipengele 30 vilivyopatikana viligawanywa katika makundi matatu: 13 vya mbinu za jumla, kama vile kuwa na lengo na kuipitia matini kwa haraka kabla ya kuisoma, 8 vya kutatua tatizo, kama vile kupunguza kasi, kurudia na kukisia maana ya neno, na 9 vya mbinu saidizi, kama vile kuandika notisi, kupigia mstari, kutumia kamusi na kutafsiri. Mwanafunzi hujipa alama 1 hadi 5 kwa kila kipengele. Wastani wa 3.5 na zaidi huhesabiwa kuwa wa juu, 2.5 hadi 3.4 wa kati, na 2.4 kushuka chini wa chini.

Watunzi waliripoti kiwango cha uthabiti wa ndani cha 0.89. Ni kiwango kizuri, na imekuwa desturi ya tafiti zinazoiazima hojaji hii kukinukuu kana kwamba ni sifa ya karatasi yenyewe. Uthabiti ni sifa ya majibu ya kundi fulani la watu, mahali fulani. Kundi jingine likivielewa vipengele visivyo, ilimradi linavielewa visivyo kwa namna moja, kiwango hicho hakitashuka. Chaweza hata kupanda.

Kusoma na kusoma

Tatizo la kwanza limo katika neno ambalo mfasiri hawezi hata kulitilia shaka. Kwa Kiswahili, kusoma ni kupitisha macho kwenye maandishi na kuyaelewa. Kusoma pia ni kuwa mwanafunzi. Kusoma pia ni kujiandaa kwa mtihani. Anayesema kwamba dada yake anasoma Dodoma hazungumzii kitabu. Anayelalamika usiku wa kuamkia mtihani kwamba hajasoma kabisa, huenda asubuhi ile amemaliza gazeti zima.

Sasa tutazame kipengele cha kwanza cha SORS, kinachouliza kama msomaji huwa na lengo akilini anaposoma. Tafsiri ya wazi itakuwa: Huwa nina lengo ninaposoma. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma kwa mkopo, ambaye nyumbani wadogo zake wanamsubiri amalize, atazungushia 5 bila kusita. Amesema kweli, ila amejibu swali la maisha yake ilhali aliulizwa kuhusu ukurasa ulio mbele yake. Kipengele kinachohusu kusoma polepole na kwa uangalifu nacho kinageuka swali la nidhamu. Mwanafunzi gani ataandika, mbele ya mhadhiri aliyegawa karatasi, kwamba hasomi kwa uangalifu?

Yaweza kusemwa kwamba dawa ni rahisi: tuandike kusoma matini kila mahali. Itasaidia kiasi. Lakini mchanganyiko uliomo katika kitenzi hiki umo pia katika shughuli yenyewe. Mfano ni kipengele kinachouliza kama msomaji huirudia matini inapokuwa ngumu ili aielewe zaidi. Watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002, wameeleza jinsi mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania anavyokariri sentensi za Kiingereza asizozielewa kwa kuwa ndizo zitakazoulizwa. Mazoea hayo hayakatiki mwanafunzi anapovuka geti la chuo kikuu. Anayeirudia aya mara nne mpaka ikae kichwani, iwe na maana kwake au isiwe nayo, atajipa 5. SORS itamhesabu miongoni mwa watatuzi wa matatizo ya usomaji. Aliyerudia mara moja, akakubali kwamba amekwama na kuenda kumuuliza mwenzake, atapata alama ndogo kuliko yeye.

Mizani nayo ina mashaka yake. Ngazi za kati za Kiingereza hutenganisha jambo lifanyikalo kwa nadra na lile lifanyikalo karibu nusu ya wakati. Mfasiri atashawishika kutumia mara kwa mara, usemi ambao kwa wasemaji wengi una maana ya mara nyingi, na kwa wengine ni baadhi ya nyakati tu. Kipengele kinachotaka msomaji aseme kama huichambua na kuitathmini habari iliyomo kwenye matini kinaleta kitenzi kuhakiki, na hapo mwanafunzi wa Kiswahili anafikiria dhamira, wahusika na mtindo. Mtumishi wa umma aliyerudi masomoni anafikiria vyeti.

Kilichoondolewa

Ni vigumu kupata uamuzi mdogo katika historia ya chombo hiki wenye madhara makubwa kwetu kuliko ule wa kuondoa kufupisha na kujadili. Sababu iliyotolewa ni kwamba mambo hayo si mbinu za usomaji hasa kama zinavyoeleweka katika tafiti za metakognisia. Yumkini ni hivyo kwa msomaji aliyekaa peke yake na kitabu chake. Katika vyuo vyetu, nakala moja ya kitabu husomwa na watu wengi, na matini ngumu ya Kiingereza aghalabu hueleweka, inapoeleweka, kwenye kundi. Watano au sita huketi chini ya mti au kwenye korido saa mbili usiku, mmoja husoma sentensi kwa Kiingereza, mwingine husema, hapa anamaanisha nini, wa tatu hujibu kwa Kiswahili, mabishano huanza. Wanafunzi huyaita diskasheni. Ufupisho nao una maisha yake: muhtasari wa aliyeelewa huzunguka kwa fotokopi na kwa simu mpaka mwaka unaofuata, ukiwa sehemu ya yale yanayoitwa madesa.

Yote haya ni metakognisia kwa maana ya Flavell. Mtu anayesema mbele ya wenzake kwamba aya ya pili imempita ametambua mpaka wa uelewa wake, na amechukua hatua. SORS haina mahali pa kuliandika jambo hilo. Mbinu ambayo pengine ndiyo tegemeo kuu la usomaji wa kitaaluma kwa mwanafunzi wa Tanzania ilifutwa kabla karatasi haijafika Dar es Salaam.

Lugha ya kwanza ni ipi?

Vipengele viwili vilivyoongezwa kwa ajili ya msomaji wa lugha ya pili ndivyo vilivyostahili kutufaa zaidi. Kimoja huuliza kama msomaji hutafsiri kutoka Kiingereza kwenda lugha yake ya kwanza. Kingine kama huifikiria habari kwa Kiingereza na kwa lugha mama. Mtu aliyezaliwa Maswa, akazungumza Kisukuma mpaka alipoanza shule, akasoma miaka saba kwa Kiswahili na sita kwa Kiingereza, ajibu nini? Akiwa mkweli na makini ataandika 1, kwa sababu hatafsiri nadharia ya ugavi na mahitaji kwenda Kisukuma. Anaitafsiri kwenda Kiswahili, kila mstari, na swali halikumuuliza hilo. Mwenzake aliyezaliwa Tanga na kulelewa kwa Kiswahili ataandika 5 kwa tendo lilelile. Tofauti ya alama nne imetoka kwenye ramani ya nchi, wala haihusu usomaji.

Hojaji inatambua lugha mbili: ile ya nyumbani na ile ya kitabu. Msomaji wetu ana ya tatu, iliyomfundisha kuandika na kuhesabu, ambayo kwa wengi si ya nyumbani wala si ya kitabu cha chuo kikuu. Kuibadilisha lugha mama kuwa Kiswahili katika vipengele hivyo viwili ni marekebisho ya lazima, na mtafiti anayeyafanya anapaswa kukiri kwamba amekwisha kutunga kipengele kipya ambacho uthabiti ulioripotiwa mwaka 2002 haukihusu.

Lililo zito zaidi ni jina la kundi ambamo kutafsiri kumewekwa. Kutafsiri ni mbinu saidizi, pamoja na kupigia mstari. Mpangilio huu hufanya wasomaji wa matokeo wakuone kutafsiri kama mkongojo: anayeuhitaji bado hajatembea. Data za watunzi wenyewe haziungi mkono dhana hiyo. Sheorey na Mokhtari (2001) walilinganisha wanafunzi 150 wa Marekani na 152 wa lugha ya pili, wakaona kwamba hao wa lugha ya pili walizithamini mbinu saidizi bila kujali kama ni wasomaji hodari au dhaifu. Kitu kinachothaminiwa sawasawa na hodari na dhaifu hakiwezi kuwa dalili ya udhaifu.

Hapa nalazimika kujitaja, kwa kuwa msomaji ninayemzungumzia ni mimi pia. Anayeandika tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili katika fani hii husoma sehemu kubwa ya maandiko yake kwa Kiingereza, kisha huandika kwa Kiswahili. Nilipoijibu SORS mwenyewe, kipengele cha kutafsiri kilinisimamisha. Nilikuwa nimetumia mchana mzima kutafuta namna ya kuliita lile jambo ambalo hojaji inadai kulipima. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa ufahamu. Lakini ufahamu, kwa kila aliyepita shule ya msingi nchini, ni lile zoezi la kusoma kifungu na kujibu maswali. Kwa hiyo ufahamu wa mbinu ungesikika kama kuzielewa mbinu. Nikajaribu mwamko, nikaona lina siasa. Nikatua kwenye utambuzi. Katika hangaiko hilo ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza, kwamba maandiko niliyokuwa nikiyasoma kwa miezi hupita bila taarifa kutoka kwenye kujua kwamba mbinu ipo, hadi kukiri kuitumia, hadi kuitumia kwa mafanikio, na neno moja la Kiingereza linabeba yote matatu. Afflerbach, Pearson na Paris (2008) wamewahi kulalamikia mkanganyiko wa karibu na huo kati ya stadi na mbinu. Nilikuwa nimewasoma. Sikuwa nimewaelewa mpaka nilipolazimika kuandika kwa Kiswahili. Kwa kazi hiyo SORS ilinipa alama 5 kwenye safu ya visaidizi.

Kukisia nini?

Kwamba watu hawafanyi kila wanachosema wanakifanya ni hoja ya zamani tangu Nisbett na Wilson (1977), na Anderson (1991) ameionyesha kwa wasomaji wa lugha ya pili: kuijua mbinu hakutoshi kama msomaji hawezi kuitumia. Sitakaa hapo. La kukaliwa ni swali aliloliuliza Alderson mwaka 1984, kama ugumu wa kusoma kwa lugha ya kigeni ni tatizo la usomaji au ni tatizo la lugha. Kabla yake, Clarke (1980) aliona wasomaji hodari wa Kihispania wakipoteza uhodari wao waliposoma Kiingereza walichokijua kwa kiasi. Mbinu zilikuwapo, lugha iliwakatia umeme.

Mfano mzuri ni kukisia maana ya neno. Ni kipengele kinachopendwa na walimu, na mwanafunzi hujipa alama nyingi hapo. Hu na Nation (2000) walikadiria kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ili aelewe vya kutosha bila msaada. Katika jaribio lao, pale ambapo maneno yaliyojulikana yalikuwa 80 kwa 100, hakuna aliyefikia uelewa wa kutosha. Neno moja geni katikati ya 49 yanayojulikana linaweza kukisiwa. Neno geni katikati ya manne yanayojulikana halikisiwi, linabahatishwa. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa matendo haya mawili, na hojaji inauliza kimoja tu. Mwanafunzi anayebahatisha siku nzima ana utambuzi wa juu kwa hesabu ya SORS.

Criper na Dodd, katika ripoti yao ya mwaka 1984 kuhusu Kiingereza katika elimu ya Tanzania, walikuta kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa wangeweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vilivyo rahisi zaidi vya masomo yao. Ni takwimu ya miaka mingi iliyopita, na vyuo vimebadilika. Naitaja kwa sababu walipima lugha, na ndiyo maana waliweza kuiona. Tume ya Makweta ilikuwa imekwisha kupendekeza mwaka 1982 Kiswahili kichukue nafasi ya Kiingereza sekondari na kisha vyuoni. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili, na vitabu vya vyuo vikuu vikabaki vilevile.

Katika hali hiyo, tuangalie SORS inaweza kusema nini. Wastani ukiwa wa chini, tutaambiwa kwamba wanafunzi hawazijui mbinu, kwa hiyo kozi ya stadi za mawasiliano iongezewe saa. Wastani ukiwa wa juu na uelewa ukiwa duni, tutaambiwa kwamba wanazijua mbinu lakini hawazitumii ipasavyo, kwa hiyo kozi iongezewe mazoezi. Wastani ukiwa wa kati, yote mawili. Hakuna jibu lolote la karatasi hii linaloweza kumfikisha mtafiti kwenye swali la lugha. Mwanafunzi ndiye mshtakiwa pekee aliyeitwa, na ndiye anayejaza fomu.

Haki iwatendekee watunzi. Mokhtari na Reichard walitahadharisha kwamba chombo chao kinaongezea vipimo vingine na hakikuja kuvifuta, na mwalimu anayekitumia kuanzisha mazungumzo na darasa lake kuhusu namna wanavyosoma hafanyi kosa. Kosa ni la sisi tunaochukua wastani wa 3.7, tukaulinganisha na alama za mtihani kwa programu ya takwimu, na kuandika sura nzima ya mapendekezo.

Njia mbadala ni ya taabu zaidi. Ni kumwekea mwanafunzi mmoja mmoja kurasa mbili za kweli, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, zenye ugumu unaokaribiana, na kumwomba aseme anachokifikiri anaposoma, kwa lugha yoyote inayomjia. Katika fani nyingi ukurasa wa Kiswahili wa kiwango hicho haupatikani, na huo nao ni ushahidi. Katika isimu na fasihi ya Kiswahili unapatikana, na wapo wanafunzi wa uzamili wanaosoma sintaksia kwa lugha zote mbili wiki ileile. Ni wachache, na majibu yao hayatajaza jedwali. Lakini kila mmoja wao atasimama mahali fulani katika kurasa hizo mbili, na mtafiti aliyeketi kando yake anaweza kumuuliza palepale amesimama kwa nini.